Nitajie Watoto, Waliokufa na Walio Hai

Vijana wa masjala, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana mahali pa kuwahi. Mkaniomba na mimi niwaandikie machache kuhusu kazi ya mirathi, kwa kuwa nimekaa kwenye ile kaunta muda mrefu kuliko hata makabati. Saa nimeitundika jikoni. Machache yenyewe ni haya. Humu hamtakuta nilipandishwa cheo lini wala nilistaafu na daraja gani. Hayo kayasomeni kwenye jalada langu, kama mchwa wamewaachia kitu.

Nianze kwa kuwaonya. Kazi hii itawaondolea raha ya kwenda msibani. Wenzenu watakuwa wanatoa pole na kula wali, ninyi mtakuwa mnaangalia nani amekaa karibu na chumba cha marehemu na nani ameshika funguo. Nimezika watu wengi Mwanza hii, majirani, ndugu, watu wa jumuiya, na nasema bila haya: yule anayetaka kujitupa kaburini mpaka ashikwe na wanaume, Jumatatu yake namwona kaunta, macho makavu, bahasha mkononi, anauliza fomu za mirathi zinatolewa dirisha gani.

Niliripoti kazini nikitoka Nansio kwa meli, na sanduku la bati na viatu vya dada yangu vilivyonibana. Kichwani mwangu mahakama ilikuwa mahali pa wauaji na wezi wa ng'ombe. Nilichokikuta barazani ni benchi zima la watu wa familia moja, wameshona sare ya kitenge kwa ajili ya arobaini ya mama yao, wamekaa wamepeana migongo. Walikuwa wanagombania cherehani. Sare yenyewe, nilikuja kuambiwa, ilishonwa kwa cherehani hiyo hiyo. Nikajiuliza kama meli ya kurudi Ukerewe imeshaondoka.

Aliyenizuia ni Mzee Kahabi, karani mkuu, Msukuma wa Magu, mtu mfupi wa sweta la kijivu hata jua likiwa la kupasua mawe. Kitu cha kwanza alichonipa hakikuwa kalamu. Alinipa shazia na uzi wa katani, akaniambia nishone majalada. Alishona kama mtu anayeshona gunia la pamba, anavuta mpaka uzi unalia. Nilidhani ananidharau kwa kuwa mimi mwanamke. Baadaye nilielewa kwamba karatasi isiyoshonwa kwenye jalada la mirathi ina miguu. Leo iko, kesho imekwenda kutembea kwa mjomba wa mtu na hairudi. Ninyi mnabana kwa pini na kuita ni kisasa. Haya.

Kitu cha pili alichonipa ni swali. Mtu akifika na karatasi zake, Mzee Kahabi hakuzigusa. Aliziacha kaunta zipunge upepo, akamtazama mtu usoni na kumwambia, "Nitajie watoto wa marehemu, waliokufa na walio hai, kwa mpangilio wa kuzaliwa." Basi. Halafu alinyamaza. Ungeona watu wanavyohangaika! Mtu aliyeapa kwamba baba yake alikuwa na watoto wanne anafika kwa wa pili, anameza mate, anaruka, anarudi, anahesabu vidole kama mtoto wa chekechea. Pale anapokwama ndipo pana mtu aliyezikwa angali hai. Mdomo umezoea kuwataja ndugu kwa mfuatano wao tangu utotoni, na ukimtoa mmoja katikati ulimi unaanguka kwenye lile shimo.

Mimi Mkerewe, majina ya Kisukuma nilifundishwa na yeye tukiwa tunashona. Mabula na Kabula wamezaliwa mvua ikinyesha. Limi, jua. Nzala, mwaka wa njaa. Kulwa na Doto, mapacha, hao wanajulikana mpaka Dar. Na mtoto anayefuata baada ya mapacha, wa kike au wa kiume, jina lake ni Shija. Mzee Kahabi alisema Msukuma hahitaji cheti cha kuzaliwa, ameshavalishwa kwenye jina. Msidhani huo ni utaalamu wa kuringia. Muuza dagaa yeyote wa Kirumba anayajua hayo.

Wasomi nao msiwaogope. Niliwahi kupokea ndugu wawili wa Kihaya, mmoja daktari, mmoja mhandisi, wamevaa suti, wanazungumza kwa upole wa kanisani. Kibanja cha baba yao, shamba la migomba huko Kagera, walishagawana vizuri kabisa. Kilichowaleta mahakamani ni kiti. Kigoda cha mti, kimepasuka mguu mmoja, ambacho kwa mila yao anakalia mrithi mkuu. Daktari alidai baba alimnong'oneza hospitali. Mhandisi alidai baba hakuwa na nguvu ya kunong'ona. Shauri liliendelea mpaka kile kigoda kililetwa kama kielelezo, na tulipokuwa tunasubiri hakimu, mama mmoja mjamzito aliyechoka alikikalia. Wale wasomi walitaka ashtakiwe.

Wosia wa zamani niliupenda. Ulikuwa umeandikwa na katekista au mwalimu, kwa maneno ya mwenyewe, na ulisema mambo yanayoeleweka: ng'ombe mweupe ni wa Kabula kwa sababu alimchunga, fulani asipewe kitu kwa sababu alinitukana mbele ya wageni. Kwa wosia kama huo unaweza kuifuata familia nyuma mpaka kwa babu wa babu, ukajua nani alioa wapi na nani alikosana na nani. Wosia wa siku hizi unachapwa stesheneri, na wote unafanana, kama kadi za mchango wa harusi. Na kikao cha ukoo siku hizi kinaitishwa kwenye kundi la WhatsApp. Mkitaka kujua nani atanyang'anywa, msiangalie muhtasari wa kikao, angalieni nani alitolewa kwenye kundi, na nani hakuwahi kuingizwa.

Hapo ndipo nifike kwa Shija.

Ilikuwa karibu na mwisho wa kazi yangu. Alifika mtu mnene wa kaunda suti, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, amejipaka mafuta mazuri. Tulikuwa rika moja, lakini aliniamkia shikamoo, na mtu wa rika lako akikuamkia hivyo ujue anataka kitu. Nikaitika marahaba, sikutaka kumnyima. Baba yake, Mzee Luhende, fundi wa mitumbwi, alikuwa amefariki na kuacha eneo la ufukweni kule Ilemela. Zamani eneo kama lile lilikuwa la mawe na fisi maji. Sasa kila mwenye tai anataka kujenga hoteli juu yake.

"Nitajie watoto wa marehemu," nikamwambia, "waliokufa na walio hai, kwa mpangilio wa kuzaliwa."

"Tuko watatu tu, mama. Mimi Shija ndiye wa kwanza. Halafu Mabula, halafu mdogo wetu Limi."

"Wewe ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa. Hata wosia umesema."

"Na waliokufa?"

"Mungu alitusaidia. Hakuna."

Hakumeza mate hata kidogo. Alikuwa amefanya mazoezi, nadhani mbele ya kioo. Mtu amelivaa jina lake maisha yote kama kofia kuukuu, hajisikii tena kuwa lipo kichwani. Nikapokea karatasi. Kazi ya karani ni kupokea maombi. Kuyaamini hakumo kwenye mkataba.

Wosia wenyewe ulikuwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Mzee Luhende, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kupatana bei ya mbao, eti alisema: "Kwa kuzingatia mustakabali wa familia, namrithisha mwanangu wa kwanza, Shija, eneo langu la ufukweni pamoja na maendelezo yote yaliyomo." Maendelezo! Yaliyomo yalikuwa nyumba ya tofali, mihogo na makaburi. Chini kulikuwa na alama ya dole gumba, na mashahidi wawili, shemeji yake Shija na kijana wake wa dukani.

Tangazo likabandikwa ubaoni kama sheria inavyotaka. Siku chache baadaye nilimwona mama mmoja mrefu, mwembamba, amejifunga khanga mbili, amesimama mbele ya ubao anasoma kwa kidole. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akaja kaunta.

"Dada, pale wameandika watoto wa Luhende ni watatu," alisema. "Sasa mimi niko wapi?"

"Wewe nani, mama?"

"Doto."

Nikaweka kalamu chini. Alinieleza pale pale amesimama. Alikuwa ameolewa, mume akafa, akarudi kwa baba yake mzee alipoanza kushindwa kutembea. Yeye ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji, mpaka siku ya mwisho. Pacha wake, Kulwa, alikufa kwa surua wakiwa wadogo, na kaburi lake liko pale pale kando ya jiwe, karibu na la mama. Kikao cha ukoo hakukisikia. Kilitangazwa kwenye WhatsApp, na yeye ana simu ya kitochi, ya kupiga tu. Alichojua ni kwamba siku moja walikuja watu na rangi nyeupe, wakapaka mawe ya mpakani, wakamwambia, "Bibi, wenye mali wamesema uhame."

"Una cheti cha kuzaliwa?"

"Sina."

"Kadi ya ubatizo?"

"Ilikwenda na maji, mvua ilipobomoa nyumba ya kwanza."

"Mama yako?"

"Amekufa. Dada, kwani mtu anathibitishaje kuwa ni mtoto wa baba yake?"

Nilikasirika. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Lakini karani hatoi ushauri kwa upande wowote, na nikilegeza hapo kwa huyu ninayemwonea huruma, kesho nitalegeza kwa yule mwenye bahasha. Nilimwambia tu ninalowaambia wote: "Siku ya shauri utapewa nafasi ya kumuuliza mwenzako maswali. Usiipoteze kwa kulia." Akaweka pingamizi lake.

Hakimu wetu alikuwa dada wa Bukoba, mchanga kazini, makini, asiyependa utani. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza. Shija alipanda kutoa ushahidi, akaapa kwa sauti nzuri, akasema yule mama ni msaidizi wa nyumbani. Aliletwa na mama yao tangu binti, kutoka kwa watu wa mbali, akakulia pale. "Tulimpenda kama dada yetu, Mheshimiwa. Hata chakula alikula mezani." Mabula na Limi walikaa benchi la mbele wanaangalia viatu vyao. Viatu vyenyewe havikuwa na cha kuangalia.

Doto alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua kinachomuuma. Nyumba ni nyumba, mtu anaweza kupanga chumba Butimba akaishi. Lakini hukumu ikitoka vile, serikali itakuwa imeandika na kugonga mhuri kwamba yule mzee aliyekufa mikononi mwake hakuwa baba yake, na pacha wake aliyezikwa kando ya jiwe hakuwahi kuzaliwa.

"Mama, una swali kwa shahidi?" hakimu aliuliza.

Doto alisimama polepole.

"Shija. Wewe unaitwa nani?"

"Mama, jina umeshalitaja," hakimu alisema.

"Naomba anijibu yeye, Mheshimiwa."

"Naitwa Shija Luhende," Shija alijibu, akitabasamu kwa wasikilizaji.

"Shija wa kumfuata nani?"

Mama mmoja benchi la nyuma alicheka, akajiziba kwa khanga, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Waliokuwa wakisubiri kesi yao ya mbuzi walicheka. Polisi wa mlangoni alicheka. Mzee mmoja wa baraza alijificha nyuma ya kofia yake. Hakimu aligonga meza akataka kujua kuna nini cha kuchekesha mahakamani kwake, na yule mzee akamweleza kwa heshima kwamba kwa Wasukuma Shija hawezi kuwa wa kwanza, wala wa pili. Kabla yake lazima wawepo mapacha. Hakimu akaushika wosia, akasoma kwa sauti, "Mwanangu wa kwanza, Shija," akamtazama mwenye jina.

Nimpe Shija haki yake, hakuwa mjinga kabisa. Alifuta jasho akasema, "Mheshimiwa, jina nimerithi. Babu yangu mzaa mama aliitwa Shija. Baba akanipa kwa heshima."

Kicheko kikafa. Ni kweli watu hurithi majina ya mababu, na wazee wa baraza wakatikisa vichwa kukubali. Doto akakaa. Nilikuwa naandika na kalamu ikatoboa karatasi.

Shahidi wa pili wa Shija alikuwa shangazi yao, Bibi Kabula, dada wa marehemu, amekuja na fimbo na kanzu ya kijani ya kwaya. Alimsalimu hakimu, "Mwangaluka," akaongeza shikamoo kwa serikali, kwa tahadhari. Shija akataka kumwongoza haraka, lakini hakimu akamzuia kwa mkono.

"Bibi, babu mzaa mama wa huyu Shija aliitwa nani?"

"Aliitwa Ngasa. Kwani yeye kasema nani?"

Hakimu aliandika jina hilo. "Bibi, umeitwa hapa kusema nini?"

"Nimeambiwa nije niseme Shija ni mtoto wa kaka yangu. Ni kweli ni mtoto wake, mimi sisemi uongo." Alimtazama Shija kwa upendo kabisa. "Wa tatu."

"Na wa kwanza na wa pili?"

"Si Kulwa na Doto? Doto huyo hapo amekaa. Kulwa tulimzika. Walipozaliwa mimi ndiye niliyeongoza ngoma ya mapacha, sauti ilikuwa bado nzuri."

"Mliimba nini?"

Bibi Kabula alimwangalia yule hakimu mdogo, akamwangalia polisi, akavuta kanzu yake ya kwaya. "Mheshimiwa, mapacha wanaimbiwa matusi. Zile nyimbo haziimbwi mbele ya serikali."

Nimekaa mahakamani miaka mingi na sijawahi kuona shahidi akimaliza kesi kwa namna hiyo. Tena shahidi alikuwa wake Shija, amemlipia nauli mwenyewe, hakupata hata wazo la kumuuliza bibi anajua nini, kwa kuwa kwenye akili yake mwanamke mzee huletwa mahakamani kama kiti, kukaa. Limi ndiye aliyevunjika. Alisimama bila kuitwa akasema, "Dada Doto, nisamehe," na Mabula akazidi kuangalia viatu.

Wosia ulikataliwa. Ukoo ukaagizwa kukaa tena, na safari hii walimtuma mtu kwa miguu hadi nyumbani kwa Doto kumwita, wakampendekeza yeye kuwa msimamizi wa mirathi, wakijifanya wazo lilikuwa lao tangu mwanzo. Habari ya nani alibonyeza lile dole gumba kwenye wosia ilipelekwa kwa wanaohusika, na huko imelala usingizi mzuri. Msiniulize zaidi.

Siku Doto alipokuja kujaza orodha ya warithi nilikuwa kaunta. Shija naye alikuja, lakini hakusogea. Alisimama mlangoni, kaunda suti ile ile, akijua vizuri kwamba aliyemfuta jana ndiye anayeshika orodha leo. Mwenye kuandikwa anaandikwa na msimamizi. Asiyeandikwa anaanza kukimbizana na mahakama kama alivyokimbizana Doto. Nami nawaambia kweli, roho yangu ilitamani amwache nje, aende akasome ubao kwa kidole.

"Nitajie watoto wa marehemu," nikasema, "waliokufa na walio hai, kwa mpangilio wa kuzaliwa."

"Kulwa. Amekufa," Doto alisema. "Doto. Ni mimi."

Nilisubiri na kalamu yangu.

"Dada," Shija alisema kutoka mlangoni. Ilikuwa sauti ambayo hakuitumia mahakamani. "Dada, mimi utaniandika?"

Doto aligeuka akamtazama.

"Nikikufuta wewe," alisema, "nani atajua kuwa mimi ni Doto?"

Akanigeukia. "Andika, dada. Shija. Wa tatu."

Shija alilia, si kama wale wa kaburini, kwa sauti ndogo, bila mtu wa kumshika. Sikumwonea huruma. Zamu yake ya kusaini ilipofika kalamu ikamshinda, nikamsogezea pedi ya wino, nikamwambia aweke dole gumba. Lake mwenyewe.